Kamari na Mwenye Mkeka

Kamari ni moja katika mambo machache ambayo dini, sheria na desturi zimekubaliana kuyalaumu, ijapokuwa hazikubaliani juu ya sababu. Mwenye dini husema ni haramu. Hakimu husema ni kosa. Mzee wa mtaa husema ni upumbavu. Hukumu ni moja na sababu ni tatu, na zote tatu aghalabu humwangukia mtu yule yule, yaani mchezaji. Swali linalostahili kuulizwa ni kama lawama hiyo imemfika anayestahili, au imeishia njiani kwa mtu wa karibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa rahisi kukamatwa.

Swali hili laweza kupimwa katika mji wowote, lakini hupimika vyema zaidi katika mji mdogo, ambamo kila mtu huonekana aendapo na atokapo. Muheza, mji ulio kilomita 40 hivi kutoka Tanga kwa njia ya reli, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, wafaa kwa kipimo hiki. Haukupata sifa mbaya kuliko miji mingine. Wafaa kwa sababu maisha yake yalijengwa juu ya ujira, na kamari hufuata ujira kama sisimizi wafuatavyo sukari.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, ikafika Muheza mwaka 1896. Hapo fedha zikapungua na ujenzi ukasimama. Korogwe haikufikiwa mpaka mwaka 1902. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, Muheza ulikuwa mwisho wa njia, na mwisho wa njia ni mahali ambapo watu hushuka pamoja na mizigo yao, tamaa zao na upweke wao. Katika mwaka ule ule wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Marekani; inasimuliwa kuwa kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyosalimika. Kutoka kwa miche hiyo michache yakaota mashamba yaliyofunika nchi ya Tanga, na ilipofika mwaka 1964 mkonge wa Tanganyika ulikuwa umefikia tani 230,000 hivi kwa mwaka, nchi ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo.

Mashamba yalitaka mikono, na Wabondei wenyeji, wenye minazi na mihogo yao, hawakuwa na haja kubwa ya kukata mkonge wa mtu mwingine. Basi watu waliletwa kutoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena na Wangoni kutoka kusini, wengine kutoka Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwatafuta, ikajulikana kwa jina la SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo alihesabiwa kazini, akapewa posho na kulipwa. Mshahara haukufuata kalenda. Ulifuata kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila nafasi ilijazwa kwa kazi ya siku moja iliyokamilika. Aliyeugua hakujaza, aliyepungukiwa na mizigo mbele ya mnyapara hakujaza. Siku kipande kilipojaa, mtu ambaye kwa majuma mengi hakuwa na senti mfukoni alishika fedha nyingi kwa mara moja, mbali na mkewe, mbali na mama yake, mbali na kila jicho ambalo angeliona haya mbele yake.

Hali hiyo ndiyo inayozaa kamari, na yafaa itazamwe kabla ya kumtazama mchezaji. Mtu mwenye mali kidogo kila siku huitumia kidogo kila siku. Mtu apataye yote kwa mkupuo, na ajuaye kuwa hata akiyatunza hayatoshi kununua ng'ombe wala kujenga nyumba, huona kuwa hesabu ya kweli imemkatalia, akaitafuta hesabu nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Lakini hawakusema kibaba kijazwe na nani pale haba yenyewe inapokuwa haitoshi kula. Wengi walioitwa wapumbavu kwa kuketi mkekani walikuwa wamekwisha kupiga hesabu, na hesabu iliwaambia kuwa kwa njia ya halali wangerudi kwao mikono mitupu. Upumbavu wao ulianzia katika hatua ya pili tu: walidhani mkekani mambo yangekuwa tofauti.

Mkekani palikuwa na nini? Mchezo wa karata tatu, ambao ungali ukionekana pembezoni mwa vituo vya mabasi na masoko ya Afrika ya Mashariki, watosha kuwa mfano. Mchezeshaji ana karata tatu. Moja ndiyo inayotafutwa. Huzionyesha, huzifunika, huzizungusha kwa wepesi, kisha huwaita watu waweke fedha juu ya ile waliyoikodolea macho. Mtu mmoja katika kundi huweka, akashinda mbele ya watu wote. Mwingine huweka, akashinda pia. Wa tatu ni mgeni mwenye mshahara, naye hushindwa. Wale wawili wa kwanza walikuwa chambo. Katika duara lile la watu kumi, mgeni peke yake ndiye anayebahatisha. Wengine wote wako kazini.

Jambo hili ndilo kiini cha shauri zima. Husemwa kwamba ubaya wa kamari ni kutegemea bahati. Kama ingekuwa hivyo, ingepasa kumlaumu mvuvi wa Pangani, ambaye huingia baharini bila kujua atarudi na nini, na kumlaumu mkulima wa michungwa wa Muheza, ambaye hupanda mti leo na kungoja miaka kadhaa, naye hajui mvua wala ukame wala bei itakayokuwapo siku ya kuvuna. Hindorf naye, aliyesalimisha miche 62 katika elfu moja, alikuwa amebahatisha. Bahati imo katika kila kazi ya mwanadamu. Lakini bahati ya mkulima, ikija, huleta duniani machungwa ambayo hayakuwapo; hakuna jirani aliyepungukiwa kwa sababu mti wa mwenzake umezaa. Bahati ya mkekani haizai kitu. Shilingi iliyo katika mfuko wa mshindi ni ile ile iliyokuwa katika mfuko wa mshindwa, imepungua kwa kiasi alichochukua mwenye mkeka.

Lugha yenyewe yatoa mfano wa kutenganisha mambo haya. Wanawake wa pwani, na wa bara pia, hucheza upatu. Kila mmoja hutoa kiasi sawa, na zamu ya kupokea hupangwa kwa makubaliano, au kwa kura. Kitenzi ni kile kile, kucheza. Bahati nayo imo, kwa kuwa kura ndiyo inayoamua nani atangulie na nani angoje. Lakini mzunguko ukikamilika, kila mtu amepata alichotoa. Kura imegawa zamu, haikugawa umaskini. Basi bahati si mkosaji. Upatu na kamari zote zina bahati. Kilichoko katika kamari na kisichokuwako katika upatu wa kweli ni mtu anayekula bila kuwamo katika zamu.

Mtu huyo hachezi. Hesabu ya gurudumu la kamari, lile la namba 37 lililoenea katika majumba ya anasa ya Ulaya, yaonyesha jambo hili wazi. Anayeweka shilingi moja juu ya namba moja, ikitokea, hupewa shilingi 35 pamoja na yake aliyoweka, jumla 36. Sasa mtu na ajilinde kabisa na bahati: na aweke shilingi moja juu ya kila namba. Ameweka 37, hapana budi mojawapo itokee, naye atapokea 36. Amepoteza shilingi moja kwa hakika, na atapoteza nyingine katika kila mzunguko. Mchezaji aliyeiondoa bahati yote amebaki na hasara tupu. Na hasara yake ndiyo mshahara wa mwenye nyumba. Wakati wengine wanakesha wakiomba, yeye aweza kulala usingizi. Kwa mchezaji, kamari ni bahati. Kwa mwenye mkeka, kamari ni kilimo, na shamba lake ni watu.

Lakini katika mji mdogo shamba hilo lahitaji vibarua. Mwenye mkeka wa siri ana haja tatu. Kwanza, ajue siku ya mshahara na njia wanayopita wenye mshahara. Pili, apate malipo kutoka kwa walioshindwa kwa mkopo. Tatu, anyamazishe wale wenye wajibu wa kumkamata. Kwa haja ya kwanza hutafuta wapambe. Kwa ya pili, wenye nguvu. Kwa ya tatu, hutoa rushwa. Watu hao wakikusanyika huitwa genge. Neno hili lilipata kutumika relini na mashambani kwa maana ya kikundi cha wafanya kazi, na lilipohamia kwa wahalifu halikupotoka sana: nao ni wafanya kazi, wana msimamizi wao, zamu zao na ujira wao.

Haja ya pili yafaa ielezwe zaidi, kwa kuwa ndiyo mama wa ujambazi. Mtu aliyekopa kanga dukani akakataa kulipa hupelekwa barazani, na baraza humwamuru. Deni la kamari halina baraza. Anayelidai hawezi kwenda kwa hakimu bila kujishitaki mwenyewe. Sheria ilipokataa kulisikiliza deni hilo haikulifuta. Ilimwachia mtu mwingine kazi ya kulidai, na mtu huyo alikuja na rungu. Aliyepigwa naye hakwenda polisi, kwa kuwa ilimpasa kueleza alipigwa kwa sababu gani. Hivyo pakawa na mahakama mbili katika mji mmoja, moja ya mchana na moja ya usiku, na ile ya usiku ilitekeleza hukumu zake upesi zaidi.

Jinsi mahakama ya usiku inavyoweza kuimeza ile ya mchana yaonekana katika mji wa Phenix City, katika jimbo la Alabama, Marekani. Nao ulikuwa mji mdogo ulioishi kwa ujira wa wengine. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mji wa Columbus na kambi kubwa ya jeshi ya Fort Benning, na askari walivuka daraja siku ya mshahara kama manamba walivyotoka kambini na vipande vilivyojaa. Mji ulijaa kamari ya haramu na kila uovu unaofuatana nayo. Mwanasheria Albert Patterson aliahidi kuusafisha, akateuliwa na chama chake kugombea cheo cha mwanasheria mkuu wa jimbo. Tarehe 18 Juni 1954 akauawa kwa risasi. Gavana aliweka mji chini ya amri ya jeshi. Aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo hakuwa jambazi wa kichochoroni. Alikuwa naibu mkuu wa sherifu, mtu aliyelishwa kiapo cha kulinda sheria. Muheza haukufika huko, na si haki kuufananisha nao kwa ukubwa wa uovu. Unafanana nao kwa mpango wa mambo: ujira wa mkupuo, watu wasio na ndugu karibu, mchezo usio na baraza, na mlinzi anayeweza kununuliwa.

Sheria ya Tanganyika ilimtazama nani? Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 haikumsahau mwenye nyumba ya kamari; ilimtaja na kumwekea adhabu. Lakini ilimweka mtu achezaye kamari ya fedha hadharani katika fungu la watu wavivu na wakorofi, pamoja na ombaomba. Mwenye nyumba ya kamari yuko nyuma ya mlango, na mlango una bawabu. Mchezaji yuko chini ya mwembe, na mwembe hauna mlango. Askari aendaye kutafuta mkosaji humkuta wa chini ya mwembe. Tena ni jambo la kustaajabisha kwamba manamba, aliyekata mkonge juani mpaka kipande kikajaa, aliweza kuhesabiwa mvivu jioni ile ile kwa sababu ya karata tatu, na yule aliyeketi kivulini mwezi mzima akingoja mshahara wa mwenzake hakuitwa mvivu na mtu. Mchumia juani hulia kivulini, lakini huyu alilia kivulini bila kuchuma popote.

Dini ziliona mbali zaidi ya sheria hiyo. Kurani, inapoikataza kamari katika Sura ya Tano, haitaji ujinga wa mchezaji. Yataja uadui na chuki zinazotiwa kati ya watu, na kuzuiwa na sala. Na katika Sura ya Pili haikatai kwamba mna manufaa ndani yake; yapima manufaa na madhara, ikaona madhara yamezidi. Wafasiri husimulia kuwa Waarabu wa kale walipiga kura kwa mishale juu ya mafungu ya ngamia aliyechinjwa, na kwamba nyama aghalabu waligawiwa maskini. Hata sadaka hiyo haikuihalalisha kamari. Habari hii yafaa iwekwe akilini, kwa kuwa hoja ya nyama ya maskini imerudi katika siku za karibuni ikiwa imevaa nguo mpya.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangaza vita juu ya unyonyaji, na mwaka huo huo mashamba mengi ya mkonge yakachukuliwa na umma. Mwaka huo huo pia ilitungwa sheria ya kuruhusu na kusimamia bahati nasibu. Mwaka 1974 ikaja sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Na mwaka 2003 Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ikaunda Bodi ya kutoa leseni na kuisimamia biashara yote. Jina la kamari likabaki kwa isiyo na leseni. Yenye leseni ikaitwa mchezo wa kubahatisha. Kijana wa Muheza wa leo, anayebeba machungwa au kuendesha pikipiki ya abiria, hahitaji kwenda kichochoroni. Hubashiri matokeo ya mpira wa Ulaya kwa simu yake, na orodha ya michezo aliyoichagua huiita mkeka. Mchezo mmoja ukienda kinyume, husema mkeka umechanika. Labda hakuna aliyekusudia ukumbusho huo, lakini lugha imeurudisha mkeka wa zamani mahali pake.

Ni haki kusema kuwa leseni imeleta faida. Kampuni yenye leseni haihitaji mtu wa rungu, kwa kuwa hulipwa kabla ya mchezo. Mshindi akidhulumiwa ana mahali pa kushitaki. Mahakama ya usiku imepunguziwa kazi. Tena serikali hupata kodi, na kodi yaweza kujenga darasa na zahanati. Kuna pia hoja ya uhuru: fedha ni yake, na mtu mzima asiyeruhusiwa kupoteza chake si huru.

Hoja hizi mbili zastahili jibu. Ya kodi imekwisha kujibiwa na ngamia wa Waarabu: wema wa matumizi hauusafishi mlango ulioingiza mali. Darasa lililojengwa kwa shilingi ya baba aliyeshindwa kumnunulia mwanawe daftari limemrudishia mtoto kidogo kilichokuwa chake chote. Hoja ya uhuru ni nzito zaidi. Mtu ana haki ya kupoteza chake, na wala si kazi ya askari kumlinda kila mtu na nafsi yake. Lakini uhuru wa kuingia katika mapatano hukamilika pale pande zote mbili zijuapo zinapatana juu ya nini. Mchezaji ameambiwa kuwa atashindana na bahati. Hakuambiwa kwamba upande wa pili wa mkeka hapana bahati, pana hesabu. Akiijua hesabu hiyo na bado akaweka shilingi yake kwa ajili ya burudani, kama mtu alipaye kiingilio cha ngoma, hapana wa kumlaumu. Asipoijua, ametumia uhuru wake gizani, na aliyezima taa hawezi kujitetea kwa uhuru huo.

Kwa hiyo kipimo cha haki cha kamari, ya siri au ya leseni, si kuuliza kama imeruhusiwa, wala kama ina bahati ndani yake. Ni kuuliza maswali mawili: nani katika mchezo huu hachezi, na mchezaji ni nani aliyemfikisha hapo. Leseni imelibadilisha jibu la jambazi, nayo imefanya vyema. Haikuyagusa maswali haya. Rungu limeondoka na hesabu imebaki, tena imekuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa sasa mwenye mkeka hahitaji kuja Muheza ili achume Muheza. Jambazi wa zamani angalau aliishi mtaani. Watu walimjua sura, na siku moja aliweza kuona haya mbele ya mama wa kijana aliyemfilisi.

Wengi waliokuja kwa namba hawakurudi makwao. Walilowea, wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao leo ni watu wa Tanga. Sababu za kulowea zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa njema. Lakini mtu aliyelowea kwa sababu aliona haya kurudi mikono mitupu alihukumiwa adhabu ambayo haimo katika kanuni yoyote, tena bila kusikilizwa. Mahakama ilimwita mvivu, msikiti na kanisa vikamwita mkosefu, na mtaa ukamcheka. Aliyeondoka na kipande chake, siku 30 za mkonge zilizogeuzwa fedha, hakuitwa kwa jina lolote. Na mji ambao umeshindwa kumpa mtu huyo jina utamkuta tena katika kila kizazi, akiutandika mkeka ule ule.